Sauti ya Juu na Masafa Mafupi: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Fizikia ya Sauti

Mjadala kuhusu Kiswahili kama lugha ya sayansi umezoea kuwa mjadala wa kuhesabu. Wanaokitetea huorodhesha maneno yaliyokwisha kupatikana, na wanaokitilia shaka huorodhesha yanayokosekana. Kipimo hicho hakitoshi. Katika fizikia ya sauti, somo ambalo mwanaisimu na mwanasayansi hulihitaji kwa pamoja, ugumu mkubwa hautokani na ukosefu wa maneno. Unatokana na maneno yaliyopo, yanayoeleweka na kila mtu, ambayo hubebeshwa vipimo viwili kwa wakati mmoja. Makala haya yanahakiki misemo miwili ya namna hiyo: “sauti ya juu” na “masafa”.

Kabla ya kuhukumu maneno, budi kueleza mambo yenyewe. Kitu kinapotetemeka hewani, husukuma chembe za hewa zilizo karibu nacho; hizo nazo husukuma za jirani, kisha kila moja hurudi ilikokuwa. Kinachosafiri ni msukumo, si hewa. Neno “wimbi” limechaguliwa vizuri kwa jambo hilo. Mtumbwi uliotulia juu ya Ziwa Tanganyika huinuka na kushuka wimbi linapopita, wala hauchukuliwi nalo hadi ufukweni Kalemie. Mwalimu hana budi kuongeza tofauti moja tu: chembe za hewa hazipandi na kushuka kama mtumbwi, bali huenda mbele na kurudi nyuma katika mwelekeo ule ule wa safari ya sauti.

Wimbi hilo lina vipimo vitatu visivyopaswa kuchanganywa. Cha kwanza ni marudio, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja, ambayo huhesabiwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Heinrich Hertz. Cha pili ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka mbano mmoja wa hewa hadi mbano unaofuata. Cha tatu ni kimo, yaani kadiri ya nguvu ambayo hewa imebanwa na kuachiliwa. Marudio yakizidishwa kwa urefu wa wimbi hupatikana kasi. Katika hewa ya joto la kawaida kasi ya sauti ni karibu mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti ya hezi 170 ina wimbi la mita 2, na ya hezi 340 ina wimbi la mita 1. Marudio yakiongezeka maradufu, urefu wa wimbi hupungua kwa nusu. Kimo hakimo kabisa katika hesabu hiyo, kwani chaweza kukua au kupungua bila ya kugusa viwili vya kwanza.

Sasa na itazamwe “sauti ya juu”. Anayeambiwa “soma kwa sauti ya juu” ataongeza kimo, ili wote wamsikie. Mwimbaji anayeambiwa kwamba sehemu yake ni “ya juu” ataongeza marudio, hata kama anaimba polepole na kwa unyenyekevu. Msemo ni mmoja, vipimo ni viwili. Kasoro hiyo si ya Kiswahili peke yake. Kifaransa, ambacho mwanafunzi wa Kongo hufundishiwa fizikia, hutenga vizuri «grave» na «aigu» kwa upande mmoja, «fort» na «faible» kwa upande wa pili, lakini nacho husema «à haute voix» kwa maana ya kusomea watu wasikie. Tofauti ni kwamba Kifaransa cha darasani kimekwisha kuchagua, na Kiswahili cha darasani bado kinasitasita.

Kwamba vipimo hivyo viwili ni mbalimbali, ushahidi haupaswi kutafutwa ng’ambo. John F. Carrington, misionari Mwingereza aliyeishi miongoni mwa Walokele, kwenye kingo za mto Kongo chini ya Kisangani, alieleza katika kitabu chake The Talking Drums of Africa cha mwaka 1949 jinsi ngoma ya gogo inavyopeleka habari. Gogo hilo huchongwa tundu refu, na midomo miwili ya tundu hilo hutoa sauti mbili tofauti, zinazofuata toni za maneno ya Kilokele. Na kwa kuwa maneno mengi yana mpangilio mmoja wa toni, mpigaji hatoi neno peke yake, bali fungu zima la maneno linaloondoa utata.

Mafanikio ya ngoma hiyo yanategemea kanuni moja ya fizikia. Mahali pa wazi, anayesikiliza kutoka umbali uliozidi maradufu hupokea robo tu ya nguvu ya sauti. Lakini marudio hayabadiliki kwa umbali, ikiwa mpigaji na msikilizaji wametulia mahali pao. Ngoma inafifia, toni zake zinabaki zile zile. Laiti ujumbe ungalikuwa umewekwa katika kimo, usingalivuka hata kijiji kimoja, maana pigo zito la mbali lingalifanana na pigo jepesi la karibu. Mtu anayeita toni ya ngoma “sauti ya juu”, bila ya kusema juu ya nini, anaficha jambo lile lile linaloifanya ngoma iseme.

Hapa ndipo hasara ya mkanganyiko inapodhihirika kwa chuo. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Mkazo wake kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiluba, Kibemba na Lingala hutofautisha. Mwanafunzi anayetumwa kunakili toni za lugha ya kwao, naye akiongozwa na “sauti ya juu” ya Kiswahili cha kila siku, huelekea kuandika alama ya toni ya juu kila pahali msemaji alipotoa sauti kwa nguvu. Daftari lake litajaa alama, na lugha haitakuwamo. Programu ya Praat, iliyotungwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink na kugawiwa bure, humwonyesha mwanafunzi mistari miwili tofauti: mmoja wa hezi, mwingine wa desibeli. Mashine imetenga. Lugha ya mafundisho nayo haina budi kutenga.

Na Kiswahili kina uwezo huo bila ya kuazima. Wasemaji husema “sauti kubwa” na “sauti ndogo” kwa habari ya kimo; husema “sauti nene”, au “nzito”, na “sauti nyembamba” kwa habari ya marudio. Mvulana anayebalehe husemwa kuwa sauti yake imekuwa nene, hata anaposema kwa sauti ndogo. Usemi huo una ukweli ndani yake: nyuzi za sauti kooni mwake zimerefuka na kunenepa, na mitetemo yake imepungua. Sauti ya mwanamume mzima huwa karibu na hezi 120, ya mwanamke karibu na 200. Kwenye gitaa vilevile, kati ya nyuzi zenye urefu na mkazo sawa, ulio mzito zaidi hutetemeka polepole zaidi.

Hata hivyo, sifa hiyo isipite mpaka. Unene unaotajwa ni wa sauti jinsi inavyosikika, si lazima uwe wa chombo. Mchonga marimba anayetaka ubao wake utoe sauti nene zaidi huukwangua upande wa chini, katikati, ili uwe mwembamba na ulegee. Ubao mwembamba, sauti nene. Anayedhani kwamba neno ni maelezo ya chanzo atakwama hapo. Istilahi njema haifundishi fizikia peke yake. Kazi yake ni kutenga vitu ili fizikia iweze kufundishwa, na “nene” na “nyembamba” hutenga. Kwa kigezo hicho hicho haifai kutafsiri «aigu» kwa neno “kali”, kwa sababu sauti kali katika Kiswahili ni sauti ya ghadhabu au ya kukwaruza masikio.

Msemo wa pili una makosa mazito zaidi. “Masafa” maana yake ni umbali. Wasikilizaji wa redio walizoea “masafa mafupi” na “masafa ya kati”, na humo neno lilisimamia urefu wa wimbi, kwa haki kabisa, kwani urefu ni umbali. Baadaye neno lile lile likatumika kwa megahezi za FM, yaani kwa marudio. Basi neno moja lina vipimo viwili ambavyo kimoja kikipanda kingine hushuka. Mawimbi ya redio si sauti, nayo hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini hesabu yake ni ile ile: megahezi 6 ni wimbi la mita 50, na megahezi 100 ni wimbi la mita 3. Hivyo kituo cha FM kina wimbi fupi kuliko yale yaitwayo “masafa mafupi”, ilhali “masafa” yake kwa maana mpya ni makubwa. Mwanafunzi akiulizwa kama masafa ya FM ni marefu au mafupi, hana jibu lililo sahihi, na kosa si lake.

Pingamizi linajulikana: lugha ni ya wasemaji, haiamriwi na chuo. Ni kweli, na hakuna anayependekeza mtangazaji wa redio asahihishwe. Msikilizaji anayetafuta kituo chake hapotei kwa sababu ya neno “masafa”. Lakini darasa la fizikia na maabara ya fonetiki ni mahali pengine, penye mahitaji mengine. Hapo “marudio” yatumike kwa idadi ya mitetemo, “urefu wa wimbi” kwa umbali, na “masafa” yaachwe kwa redio. Hapo pia “sauti kubwa” na “sauti nene” zitengwe tangu somo la kwanza, na “toni ya juu”, ambayo imekwisha kukita mizizi katika isimu, itajwe pamoja na onyo kwamba “juu” hiyo ni ya hezi.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Heshima hiyo haitoshi kukifanya lugha ya kufundishia sayansi. Kitakachokifanya hivyo ni mwalimu anayejua ni neno gani la wazee lililo sahihi tayari, na ni lipi la kisasa linalodanganya.