Chini ya Daraja la Kigongo–Busisi

Daraja hili, rasmi Daraja la J.P. Magufuli, lilipozinduliwa Juni 19, 2025, gumzo lilikuwa foleni ya kivuko iliyokwisha. Sawa, aliyewahi kukesha Kigongo na mgonjwa ndani ya gari anajua uzito wake. Lakini kwa anayefuatilia afya ya Ziwa Victoria, la kutazama liko chini ya barabara: kilomita 3 za nguzo, na maji yanapita katikati yake.

Ghuba ya Mwanza inaingia nchi kavu kuelekea kusini kwa kilomita 60 hivi, na upana wake kwa wastani ni kilomita 5 tu. Daraja linaikata ndani kabisa, kusini mwa jiji. Maana yake, maji yote yaliyo upande wa kusini hayana mlango mwingine wa kulifikia ziwa kuu.

Pwani ya Bahari ya Hindi, bamvua husafisha hori bila kuombwa. Ziwa Victoria halina maji kujaa na kupwa ya kutegemea. Huku kazi hiyo hufanywa na upepo, na hasa baridi ya usiku. Maji ya kina kifupi hupoa haraka kuliko ya ziwa kuu. Yakipoa huwa mazito, hushuka, kisha huteleza juu ya tope kuelekea kwenye kina. Juu yake maji ya ziwa kuu huingia kuziba nafasi. Mkondo huo wa chini hauonekani kwa macho, na ndio wa kwanza kufa ukimwaga kifusi kujenga tuta la barabara badala ya nguzo. Kuacha kalavati chache kwenye tuta hakuurudishi, maana hupitisha kidogo mno.

Wakenya walilijua hilo kwa gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijenga tuta Mbita kuunganisha bara na kisiwa cha Rusinga, wakaziba mlango mmoja wa Ghuba ya Winam. Maji yalituama, magugumaji yakapata makazi. Miaka ya 2010 ikabidi tuta lifunguliwe na daraja lijengwe.

Kigongo kosa hilo halikurudiwa: hata njia ya muda ya kupitishia mitambo ilisimamishwa juu ya nguzo za chuma. Hapo wahandisi wanastahili sifa kuliko kwa zile nyaya za daraja zinazopigwa picha.

Hata hivyo, nguzo hazisafishi kitu. Mto Mirongo bado unamwaga uchafu wa jiji ziwani, na vizimba vya samaki vinaongezeka. Sato aliye kizimbani hawezi kuhama oksijeni ikipungua; mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu. Kabla ya kutoa kibali cha kizimba kusini mwa daraja, ningetaka kuona kipimo kimoja: oksijeni ya alfajiri, mita moja juu ya tope, msimu wa mvua, wakati ziwa halijavurugwa na pepo za kusi za Juni hadi Agosti.