Mashine Kama Mtunzi Mwenza: Nyimbo za Kiswahili za Uvira na Studio za Nyumbani

Wahakiki wa nyimbo za Kiswahili wamezoea njia moja ya kazi. Husikiliza kanda, huyanakili maneno, huyapanga katika beti, kisha hujadili maudhui na fani kana kwamba maneno hayo yametoka kinywani mwa mwimbaji na kuangukia karatasini moja kwa moja. Chombo kilichoinasa sauti hakitajwi. Kwa utenzi ulioandikwa kwa mkono upungufu huo hauna madhara. Kwa wimbo uliotungwa ndani ya kompyuta, katika chumba cha kulala, na kijana ambaye hana bendi wala nyumba ya kurekodia, ni kosa linalopotosha uhakiki wenyewe.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya “Tanzu za Fasihi Simulizi” (Mulika, Na. 21, 1989), alizingatia umbile la kazi pamoja na muktadha na namna ya kuwasilishwa kwake. Kwa msingi huo kinasa sauti kina haki ya kuhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoujenga muktadha, sambamba na fanani, hadhira, mahali na wakati. Wanafunzi wengi wameirithi orodha hiyo bila kuipanua, ingawa dunia ya nyimbo imebadilika sana tangu hapo.

Historia ya Kongo yenyewe inatoa ushahidi. Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulibeba takriban dakika tatu. Kila wimbo wa gitaa wa zama hizo una umbo hilo: dibaji fupi, beti chache, mwisho wa ghafla. Baadaye santuri ndogo za mizunguko 45 ziliugawa wimbo mrefu katika sehemu ya kwanza na ya pili, na msikilizaji akalazimika kuinuka na kuigeuza. Mgawanyo huo haukutokana na mantiki ya ushairi bali na plastiki. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, alipitia njia mbili: huko Dar es Salaam bendi nzima ilipiga kwa pamoja katika studio ya redio ya taifa, huko Uingereza, katika studio za Real World zilikotoka nyimbo za Songs for the Poor Man (1989), vifaa vilikuwa vya namna nyingine kabisa. Anayetaka kumhakiki Ongala na asiseme ni toleo lipi alilosikiliza hajaanza kazi.

Uvira ina hali zake. Mji umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba, Bujumbura iko takriban kilomita 30 kwa barabara, na Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500. Mto Ruzizi, unaoingia ziwani jirani na mji, umejengewa kituo cha umeme mwishoni mwa miaka ya 1950 na kingine mwaka 1989, lakini ukaribu huo haujawa dhamana ya umeme usiokatika. Studio ya nyumbani hapo ni kompyuta iliyotumika, maikrofoni moja, kadi ya sauti ya bei nafuu, na godoro lililosimamishwa ukutani. Mvua ikinyesha juu ya bati, kazi husimama. Jenereta ikiwashwa uani, mngurumo wake huingia katika maikrofoni.

Godoro na blanketi hunyonya sauti za juu na kuziacha za chini zikizunguka chumbani. Ili kuiokoa sauti, fundi huzipunguza zile za chini, huibana nyingine, na kumsogeza mwimbaji karibu sana na maikrofoni. Matokeo yake ni sauti ya mnong'ono, kama ya mtu anayeungama siri. Mhakiki asiyejua hayo ataandika kwamba nafsineni ya nyimbo za vijana wa Uvira ni nyenyekevu na ya ndani. Huenda ikawa hivyo. Lakini kwanza aulize habari za godoro.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwimbaji anayekimbizana na umeme harekodi wimbo kwa pumzi moja. Huimba mstari, fundi husimamisha, husikiliza, mstari hurudiwa, kisha unafuata mwingine. Kila mstari huwa kipande kinachojitegemea kwenye kioo cha kompyuta. Ndiyo maana aghalabu mistari ya nyimbo hizi ni kifu, yaani imekamilika kimaana, na mistari mishata ni adimu. Ni rahisi kudai kwamba huo ni urithi wa mishororo ya shairi la pwani. Dai hilo linapendeza, lakini kwa vijana waliokulia kwenye kwaya za kanisani na nyimbo za Kinshasa ushahidi wake ni hafifu kuliko ule wa kitufe cha kurekodi.

Kadi dhaifu za sauti nazo zina mchango. Kompyuta ikiwekewa akiba ya sampuli 1,024 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, sauti hucheleweshwa kwa takriban milisekunde 23 kwenye akiba hiyo peke yake, kabla ya kuongeza safari ya kuingia na kutoka. Mwimbaji hujisikia akiwa nyuma ya mapigo, naye huyumba. Fundi huusogeza mstari kwa kipanya mpaka ukae sawa na miraba. Hapo ndipo mkazo wa Kiswahili, ambao kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, unapoweza kuangukia mahali pasipo pake. Wanafunzi wote wamefundishwa tofauti ya “barabara” ya kupita na “barabara” ya sawasawa. Kipanya hakikufundishwa.

Miraba yenyewe haina asili ya ziwani. Programu ya FruityLoops, iliyotolewa nchini Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambayo leo inaitwa FL Studio, humkaribisha mtumiaji kwa hatua 16 zilizogawanywa kwa nne. Ngoma nyingi za kanda hii huhesabiwa kwa tatu ndani ya kumi na mbili. Fundi hodari anaweza kuibadilisha mipangilio. Wengi huikubali ilivyo. Wanaolalamika kwamba vijana wameiga Dar es Salaam wangetenda haki kama wangekumbuka kwamba Dar es Salaam na Uvira hufungua ukurasa uleule mtupu.

Kisha kuna kirekebisha sauti, Auto-Tune, kilichoanza kuuzwa mwaka 1997. Kikiwekwa kwa kasi kubwa, hukokota kila sauti hadi kwenye noti iliyo karibu na kufuta mteremko uliokuwa katikati. Kiswahili kimepoteza toni za kileksia, hivyo hakiumii sana. Kifuliiru na Kibembe ni lugha za toni. Ni kweli kwamba wimbo wowote huipinda toni, na wasikilizaji wamezoea. Hata hivyo mtunzi wa lugha hizo anapoteza vidokezo ambavyo mwenzake wa Kiswahili hakuwa navyo tangu mwanzo. Haitashangaza ikiwa chombo hiki kinakipa Kiswahili nafasi ambayo siasa na soko pekee visingekipa. Utafiti wa namna hiyo ungefaa kufanywa ufuoni, si maktabani.

Lakini ni Kiswahili kipi? Lahaja ya Uvira husema “mutoto” na “muzuri” pale Kiswahili sanifu kinaposema “mtoto” na “mzuri”. Idadi ya silabi ni ileile, ila “mu” ina irabu kamili inayoweza kuvutwa, ilhali “m” ya silabi husikika nyembamba kwenye maikrofoni duni. Kwa muziki, umbo la Uvira ndilo bora. Mwimbaji anayelitupa ili asikike kama mtu wa Dar es Salaam, akaimba “dagaa” ilhali nyumbani kwao hupikwa ndagala, hajapata usanifu. Amepoteza irabu na samaki kwa pamoja. Uhakiki unaosifu “Kiswahili safi” cha wimbo kama huo unashiriki hasara hiyo.

Hakuna sababu ya kuzidharau studio hizi. Ziliwaondolea vijana safari ya kumtafuta mwenye mitambo, na zimewezesha wimbo wa mtaa wa Mulongwe kusikika bila ruhusa ya mtu. Udhaifu wao mkubwa ni uhifadhi. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba kwa maelfu mjini Uvira, na kompyuta iliyozama huondoka na faili za mradi: sauti zisizochanganywa, mistari iliyokataliwa, matoleo ya awali. Kinachobaki ni wimbo uliokamilika tu, uliosambazwa kwa simu. Kwa mhakiki wa matini, mistari iliyokataliwa ni sawa na miswada yenye mikato ya kalamu.

Kwa hiyo anayekusanya nyimbo ufuoni mwa Tanganyika anapaswa kuomba faili za mradi pamoja na wimbo, na kuandika pembeni mwa kila matini programu iliyotumika, kasi ya mapigo, idadi ya marudio ya kila mstari, na kama siku ile umeme ulikuwepo.