Hapo Nani Anacheza? Uhakiki wa Mdundo Uliokatwakatwa

Kuna hoja inayorudiwarudiwa katika semina zetu za fasihi: eti prodyuza anayekatakata mdundo wa ngoma kwa sampla si msanii, ni mwizi mwenye umeme. Mimi mwenyewe niliwahi kuipigia makofi. Makala haya yanakusudia kuipinga, ingawa si yote.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Sampla ya Akai MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn na kutoka mwaka 1988, ina vitufe 16 vya kupigwa kwa vidole. Fundi hurekodi kipande cha ngoma, hutafuta kila pigo linapoanzia, hukata, kisha hulipa kila pigo kitufe chake. Akikata mapema mno, pigo linachelewa kuitikia kidole. Akichelewa kukata, ule ukali wa mwanzo unapotea. Baada ya hapo anapiga upya kwa mpango wake.

Sasa jamani, sisi wasomaji wa ushairi tunashangaa nini? Mshororo wa shairi tulilozoea una mizani 16, vipande viwili vya nane nane. Maneno ni ya jamii nzima, mpango ni wa mtunzi. Hatumwiti mtunzi mwizi wa maneno.

Lakini hapa ulinganisho unakwama. Neno halina mwenyewe, pigo linaye. Gregory Coleman alipiga dramu katika "Amen, Brother" ya The Winstons mwaka 1969. Sekunde zake kama sita hivi zimekatwa na kupangwa upya katika maelfu ya nyimbo, naye alifariki mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo.

Likizo iliyopita, nyumbani Mofu, nilirekodi kwa simu ngoma ya mjomba wangu. Rafiki yangu akaikata na kuitengenezea biti. Nilipomrudishia mjomba asikilize, alianza kugonga mguu, halafu akauliza jambo moja tu: "Hapo nani anacheza?"

Swali hilo lilinizidi kimo. Kwetu mpigaji hutazama miguu ya mchezaji; akichangamka humwongezea, akichoka humpunguzia. Kipande kizima kinachojirudia vilevile mwanzo hadi mwisho hakimtazami mtu. Ndiyo maana nasema kukata ni bora kuliko kurudiarudia: aliyekata hana budi kupiga tena, na mwenye kupiga anaweza kumjibu mchezaji. Rafiki yangu alikata vizuri, ila baada ya hapo akaiachia mashine ijirudie.

Basi tuihakiki biti kama tunavyolihakiki shairi. Tuulize: mpango wake una nini kipya? Unamjibu nani? Na jina la mpigaji limeandikwa wapi? Katika wimbo wa rafiki yangu, la mjomba halikuwemo. Nimemwambia aliandike kabla hajaupeleka popote.