Jogoo Mweupe wa Rebelle

Sisi wa Kiwanja, mashariki mwa Kongo, tunaijua habari ya kutekwa. Novemba 2008 waasi wa CNDP waliua hapa watu wasiopungua 150 kwa siku mbili, na katika vita vile makundi ya pande zote mbili yalikuwa yakibeba vijana kwa nguvu. Barabara ya kwenda Mabenga watu wanaipita wakisali, kwa kuogopa watekaji. Filamu ya mateka wa vita ikionyeshwa kwetu, watazamaji wanaielewa tangu dakika ya kwanza, na uongo wanautambua upesi vilevile.

Rebelle ya mwongozaji wa Kanada Kim Nguyen, iliyorekodiwa Kongo na kutoka mwaka 2012, haidanganyi katika mambo makubwa. Msichana Komona ana miaka 12 waasi wanapovamia kijiji chao na kumwamuru awapige risasi wazazi wake. Akikataa, watauawa kwa panga. Tunayasikia haya kwa sauti yake mwenyewe miaka miwili baadaye, akimsimulia mtoto aliye tumboni. Humo ndimo ufundi wa filamu ulimo. Mama anayezungumza na mtoto wake huchagua la kusema. Tunamwona mchinjaji anayekata nyama huku ndoo ya kutapikia ikiwa karibu naye, kwa sababu ya yaliyoipata familia yake. Komona anakataa kuyaeleza, na kamera inamtii. Ndoo ile inatosha.

Imani nayo imepewa kazi. Komona akinywa utomvu wa mti anawaona wafu: waigizaji waliopakwa weupe mwili mzima, wenye macho meupe, wamesimama kati ya miti mchana kweupe. Wanamwonya kwamba adui yuko karibu, na kwa hiyo mkuu wa waasi anamfanya mchawi wake. Imani inayomweka hai ndiyo hiyohiyo inayomfunga kwa waliomteka. Waliorudi kutoka porini wanalijua fundo hilo, na Nguyen hakujaribu kulifungua kwa hotuba.

Kisha mapenzi. Magicien, kijana mwenye ualbino, anataka kumwoa. Komona anadai jogoo mweupe kama alivyofundishwa na baba yake, na kijana anatoka kijiji hadi kijiji akiuliza huku watu wakimcheka. Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya filamu. Dai lile ni la binti mwenye wazazi, mwenye ukoo na mahari yake; kwa kulitamka tu anajirudishia nyumba aliyonyang'anywa. Na mwongozaji hauharakishi msako ule.

Nguyen alirekodi matukio kwa mfuatano wa hadithi, na waigizaji hawakupewa mswada mapema. Rachel Mwanza, aliyewahi kuishi mitaani Kinshasa, hakujua kesho itamletea nini Komona, na usoni mwake hakuna dalili ya kujua. Tamasha la filamu la Berlin lilimpa tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike, na aliistahili.

Lakini nchi ya Komona haitajwi, na wazo la kwanza lilitokana na mapacha walioongoza waasi huko Burma. Kwa hilo vita vinakuwa vya popote, bila aliyevianzisha wala anayenufaika navyo. Zaidi ya hapo, wazazi wanakufa mwanzoni, basi hakuna anayemngojea Komona. Kwetu utekaji una upande wa pili: nyumbani, ambako ndugu wanauza shamba wapate pesa ya kumkomboa mtu wao, simu inaita kwa namba isiyojulikana, na mama anaenda kanisani kabla ya jua. Kungoja ni kugumu kuonyesha kwa kamera, maana hakuna kinachotembea. Kituo cha sanaa cha Yole!Africa cha Petna Ndaliko kimefundisha vijana wengi wa Goma kushika kamera; filamu ya upande huo naitaka kutoka kwao, yenye majina ya barabara zetu na Kiswahili chetu.