Je, Mwelekevu Hana Hisia? Binti wa Mji wa Mawe katika Adili na Nduguze

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, huenda nawe umewahi kulikata jibu la mwanafunzi kwa kalamu nyekundu, kisha jibu hilo likakunyima usingizi. La kwangu liliandikwa na msichana wa Kidato cha Tatu katika shule moja mjini Kitale. Swali lilihitaji sifa nne za Mwelekevu katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Tatu za kwanza zilikuwa sawa. Ya nne ilisema: Mwelekevu ni msichana asiye na hisia, kwa kuwa watu wake wote wamegeuka mawe naye anasimulia tu. Nilimnyima alama. Mwongozo wangu ulikuwa na mcha Mungu, mvumilivu, mwaminifu na jasiri. "Asiye na hisia" haikuwemo.

Makala haya yanarudi kwenye jibu lile. Ninadhamiria kuonyesha kwamba mwanafunzi alikosea, lakini kosa lake liligusa kiini cha hadithi ambacho mwongozo wangu haukukigusa. Aidha, ninataka tujiulize, mimi nawe, tunapima nini tunapouliza sifa za mhusika.

Hadithi kwa muhtasari

Ikiwa hujaisoma kwa siku nyingi, nikukumbushe. Adili na Nduguze ilichapishwa mwaka wa 1952. Rai, mfalme wa Ughaibuni, anasifika kwa huruma hata kwa wanyama. Mjumbe wake Ikibali anafika Janibu, mji unaotawaliwa na Adili, na usiku anashuhudia jambo la kushangaza: Adili anawapiga manyani wawili mijeledi, na huku akiwapiga analia. Adili anaitwa mbele ya mfalme kujieleza. Hapo ndipo tunapojua kwamba manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Aliwagawia mali yake walipofilisika, wakafanya safari pamoja baharini, na mwishowe wakamtosa majini kwa kijicho. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamwokoa naye. Ndugu akawageuza manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku.

Katikati ya safari hiyo ndimo alimo Mwelekevu. Adili anaingia Mji wa Mawe, mji ambao watu wake wamegeuka mawe kwa ukaidi wao wa kukataa imani. Katika jumba la kifalme anamkuta binti mmoja aliye hai. Binti huyo anamsimulia yaliyowafika watu wake. Wanaondoka pamoja, na uzuri wake unakuwa kuni mpya katika moto wa wivu wa Hasidi na Mwivu.

Kwa nini mwanafunzi aliona ubaridi

Kabla hatujamlaumu mwanafunzi, tutazame alikotoka kiusomaji. Wanafunzi wa Trans Nzoia na Bungoma wamelelewa na Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyepitia shule za Kitale na ambaye tulimpoteza mwezi wa Aprili mwaka wa 2020. Katika Siku Njema, iliyochapishwa mwaka wa 1996, Kongowea anasimulia maisha yake mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake, na kila hatua ya safari tunaambiwa moyo wake unasemaje. Msomaji aliyezoea msimulizi wa namna hiyo hungoja kuambiwa.

Jambo la kutafakari ni kwamba Shaaban Robert naye ni mtu wa Tanga. Alizaliwa karibu na mji huo mwaka wa 1909 na kufariki mwaka wa 1962. Mwandishi wa Tanga na mwandishi wa Kitale wanakutana katika darasa moja, lakini usimulizi wao hautembei mwendo mmoja. Shaaban Robert haingii kifuani mwa mhusika na kutuletea habari. Anampa mhusika jina linalobeba tabia yake, anampa tendo, kisha anatuachia sisi. Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu, Adili ana uadilifu. Kwa macho ya kijana wa leo, watu kama hawa ni majina yanayotembea.

Zaidi ya hayo, vijana wetu wanasoma fantasia za kigeni, na humo wanawakuta wasichana waliopungukiwa hisia kwa uchawi au kwa laana. Aina hii ni ya zamani kuliko wanavyodhani. George MacDonald wa Scotland alichapisha mwaka wa 1864 hadithi ya binti mfalme aliyelaaniwa na shangazi yake akapokonywa uzito. Anaelea kama unyoya, anacheka kila kitu, wala hawezi kulia. Mwana wa mfalme anapokaribia kufa kwa ajili yake, chozi linamtoka na uzito unarudi. Hans Christian Andersen wa Denmark, mwaka wa 1844, alimwandika mvulana aliyeingiwa na kibanzi cha kioo moyoni, moyo ukawa kama barafu hadi machozi ya rafiki yake yalipouyeyusha. Katika hadithi hizo chozi ndilo ushahidi kwamba mtu amepona. Msomaji akilibeba kigezo hicho hadi Mji wa Mawe, atalitafuta chozi la Mwelekevu, na asipolipata atamhukumu.

Jiwe, kijicho na chozi

Sasa, msomaji, tukiweke kigezo hicho kando tuone hadithi yenyewe inapima vipi hisia. Nina vipimo vinne.

Cha kwanza ni jiwe. Watu wa Mji wa Mawe wanapewa adhabu inayofanana na kosa lao. Walikataa kusikia, wakawa vitu visivyosikia. Lugha yetu haihitaji ufafanuzi hapa: mtu asiyeguswa na neno tunamwita mwenye moyo wa jiwe. Shaaban Robert ameichukua istiari ya kila siku akaifanya tukio. Hii ndiyo kazi kubwa ya fantasia katika fasihi, na ni hapa pa kumfunza mwanafunzi kwamba ajabu katika hadithi si pambo. Ni maana iliyopewa mwili.

Cha pili ni kijicho. Hasidi na Mwivu hawakosi hisia hata kidogo. Wamefurika hisia. Wanaona uchungu kila Adili anapofanikiwa, na uchungu huo unawapeleka kwenye kitendo cha kumtosa ndugu yao. Kwa hiyo hadithi haituambii kwamba kuwa na hisia ni wema. Hisia inaweza kumgeuza mtu nyani.

Cha tatu ni chozi la Adili. Anawapenda wale anaowapiga, analia, lakini mjeledi haukomi kwa sababu ameamriwa. Chozi hili ni la kweli, ila peke yake halibadilishi lolote. Usiku unaofuata manyani watachapwa tena.

Cha nne ni huruma ya Rai, ambayo haikomei machoni. Anauliza, anasikiliza kisa chote, kisha anawaombea manyani msamaha, nao wanarudishiwa ubinadamu wao. Wahakiki wameonyesha kufanana kwa kisa hiki na hadithi ya Abdallah bin Fadhil katika Alfu Lela u Lela. Huko ndugu wanageuzwa mbwa, na khalifa ni Harun Rashid. Ukilinganisha, utaona kwamba mapenzi ya mfalme kwa wanyama, yaliyowekwa mlangoni kabisa mwa hadithi, ni mchango wa Shaaban Robert. Alitaka msomaji aingie kwa mlango wa huruma kabla ya kukutana na mjeledi.

Mwelekevu tumweke wapi katika ngazi hii? Jina lake linatusaidia. Mwelekevu ni mtu mwepesi wa kufahamu, na mzizi wake ni ule wa kuelekea. Watu wa mji wake waliligeuzia kisogo neno waliloambiwa, yeye akalielekea. Hisia kwa Shaaban Robert ni mwelekeo: inajulikana kwa upande ambao mtu anageukia na kwa tendo linalofuata.

Nilichofunzwa Bungoma

Haya yote sikuyaona nikiwa Kitale. Niliyaona baada ya kuhamia shule nyingine Bungoma, nikafundisha hadithi ile ile na kulitupa darasani jibu la yule msichana bila kutaja mwenyewe. Niliuliza: je, Mwelekevu hana hisia?

Mvulana mmoja wa nyuma aliuliza swali juu ya swali: "Mwalimu, yule aliyepakwa matope naye hasikii uchungu?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, maana kila mmoja alielewa. Msomaji wa mbali na huku ajue kwamba tohara ya Wabukusu hufanyika mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kijana hupelekwa mtoni alfajiri, hupakwa matope mwili mzima, hurudi nyumbani kwa nyimbo na kusimama mbele ya umati. Hatakiwi kutikisika wala kupepesa jicho. Anasimama kama jiwe. Hakuna shangazi wala mjomba uani pale anayedhani kwamba hasikii kisu. Wanamheshimu kwa sababu wanajua anasikia.

Kiswahili nacho kina msemo wake: kupiga moyo konde. Mtu haupigi konde moyo ambao haupo. Waswahili husema pia kwamba moyo wa mtu ni kichaka, na kichaka hakionyeshi kilichomo kwa kutazamwa kutoka barabarani.

Msichana mmoja akaongeza jambo ambalo hata mvulana yule hakuliona. Alisema kijana wa tohara ana watu wanaomtazama, lakini Mwelekevu hakuwa na mtu. Hata kama alilia, nani angeliandika chozi hilo? Adili alipofika alikuwa mwanadamu wa kwanza aliyeweza kumsikia, na jambo alilolifanya binti ni kumsimulia. Nakuomba, msomaji, uutafakari mchango huo. Mwanafunzi wangu wa Kitale alitoa ushahidi kwamba Mwelekevu "anasimulia tu". Kumbe kusimulia ndiko hisia yenyewe. Katika mji ule mzima yeye pekee ndiye anayekumbuka majina na nyuso, na anazikabidhi kumbukumbu hizo kwa mgeni. Jiwe halisimulii.

Dosari ya mwandishi

Hata hivyo, nisije nikamtetea mwandishi kupita kiasi. Malalamiko ya yule msichana yana upande wa haki. Shaaban Robert anamfungulia Mwelekevu mlango mkubwa kisha anaufunga mapema. Baada ya masaibu ya baharini, masimulizi yanawafuata Adili na nduguze, na yeye anakaa nje ya macho yetu kwa sehemu kubwa. Anaporejea, ndoa ndiyo inayomrejesha. Binti aliyeuona mji wake wote ukigeuka mawe angestahili kuulizwa angalau mara moja zaidi anaonaje maisha miongoni mwa watu walio hai. Hasidi na Mwivu, waliotenda uovu, wanapata nafasi ya kuteseka mbele ya msomaji usiku baada ya usiku. Mwelekevu, aliyetendewa, hapati.

Ukitaka kulieleza hili kama mwegemeo wa kiume wa mwandishi, una hoja. Ukitaka kulieleza kama desturi ya ngano, ambamo binti mfalme ni tuzo ya shujaa, pia una hoja. Lakini usimzuie mwanafunzi kulisema eti kwa sababu mwandishi ni mkubwa. Ukubwa wa Shaaban Robert hautikiswi na swali la Kidato cha Tatu.

Hitimisho

Turudi kwenye alama. Leo ningelisahihishaje jibu lile? Nisingelipa alama kamili, kwa kuwa matini hayaungi mkono kwamba Mwelekevu hana hisia. Aliamini wakati ambapo kuamini kulimtenga na wote, alisimulia alipopata wa kumsimulia, na aliondoka na mgeni kwenda kuishi upya. Lakini ningempa alama ya kuliona pengo, na kando yake ningeandika: "Nani anatuambia? Na nani hakuulizwa?" Maswali hayo mawili yangemrudisha kitabuni, ilhali alama yangu ya mkasi ilimfukuza humo.

Orodha za sifa tunazozitoa ubaoni zinawasaidia wanafunzi kupita mtihani, nami nitaendelea kuzitoa. Lakini mhusika akishaandikwa kwa maneno manne na kukaririwa, tunakuwa tumemgeuza jiwe sisi wenyewe. Kwa hiyo, utakapoifundisha hadithi hii, jaribu zoezi hili dogo. Waambie wanafunzi waandike ukurasa mmoja: usiku wa kwanza wa Mwelekevu katika Mji wa Mawe, kabla Adili hajafika. Wasome kwa sauti darasani. Kisha ndipo uulize sifa zake.

Yule msichana wa Kitale alikwisha kumaliza shule nilipoyajua haya. Kama wewe ndiye, na umekuwa mwalimu kama ulivyotamani, basi alama moja ni yako. Nimechelewa kuitoa.