Kimya Chini ya Gran Sasso

Ndizi moja ina potasiamu ambayo atomu zake kama 15 huvunjika kila sekunde. Mlaji hadhuriki hata kidogo. Lakini kwa mafundi wa kigunduzi cha XENONnT, ndizi ile ni ngoma inayorindima chumbani.

Kigunduzi hicho kimo katika maabara iliyochimbwa ndani ya mlima Gran Sasso, Italia, chini ya mita 1,400 za mwamba. Chembe ziitwazo muoni, zinazonyesha kutoka angani, huchujwa na mwamba huo hata ikapenya moja tu katika kila milioni. Watu hawa wanangoja chembe ya maada ya giza igonge kiini cha atomu ya zenoni iliyomo kigunduzini. Kwa kuwa mgongano huo hajauthibitisha mtu yeyote, siku zao nyingi hupita wakijifunza kila kitu kingine kinachoweza kugonga, yaani kelele.

Mlima wenyewe una urani na thori, ambazo nazo huvunjika, ndiyo maana kigunduzi kimezamishwa katika tangi la maji tani 700. Halafu kuna chuma, nyaya, vihisi mwanga. Kila kipande huwekwa kwanza kando ya kipimo cha gerimani, kikasikilizwa kwa siku nyingi kabla ya kukubaliwa au kukataliwa. Nikifikiria mtu anayengoja wiki nzima kuijua tabia ya parafujo, namkumbuka mchambuzi wa mchele aliyeinama juu ya ungo.

Mkorofi mkubwa ni gesi ya radoni. Huzaliwa ndani ya chuma chenyewe, ikatoka polepole na kuingia katika zenoni, na haishikamani kirahisi na chochote. Dawa yake ni kukeneka: zenoni hupandishwa mnarani ikiwa mvuke, radoni ikabaki chini mpaka ivunjike yenyewe, maana nusu yake hutoweka kila siku 3.8. Kriptoni nayo huondolewa kwa njia iyo hiyo, ila yenyewe hukimbilia juu. Mwishowe, katika kilo nzima ya zenoni, huvunjika takriban atomu moja ya radoni kwa wiki. Ulinganishe na ile ndizi.

Ninachokistahi zaidi kilitokea mwaka 2020, katika kigunduzi kilichotangulia, XENON1T. Katika nishati za chini walitazamia matukio 232, wakahesabu 285. Wangeweza kushangilia. Wao waliandika wazi kwamba tritiamu, yaani hidrojeni inayovunjika, isiyofikia atomu tatu kwa kila kilo ya zenoni ingetosha kueleza ziada ile, na kwamba hawakuwa na njia ya kuipima tritiamu kidogo kiasi hicho. Wakajenga kigunduzi kipya, wakaishusha kelele hadi karibu sehemu moja ya tano, wakahesabu upya. Mwaka 2022 ziada ilikuwa haipo. Matukio 53 yaliyowakosesha watu usingizi duniani kote yaliachwa yaende, na waliokuwa wameyatangaza ndio waliotoa habari hiyo.

Mwaka 2024 walitangaza dalili za kelele nyingine: nyutrino za Jua zikigonga viini vya zenoni. Hizi hazizuiwi na mlima wala maji, na hakuna mnara wa kuzikeneka. Nazo sasa zinahesabiwa, moja moja.