Dhegdheer hana pembe

Mwezi uliopita binamu yangu alimtumia mteja wa ng'ambo mchoro wa Dhegdheer. Jibu likarudi mistari miwili: kazi ni safi, lakini zimwi halionekani la Kiafrika vya kutosha, je, anaweza kuliongezea pembe, na pengine shanga shingoni? Tulikuwa tumekaa nje ya duka la baba yake hapa Wajir, stima zimepotea, simu yake iko asilimia 11. Aliisoma mara mbili, akacheka kile kicheko cha mtu anayehesabu deni. Dhegdheer. Pembe.

Kwa wewe ambaye hukulelewa na bibi Msomali: Dhegdheer ni yule mwanamke anayekula watu. Jina lake ni maelezo yake, "sikio refu". Ana sikio moja lililopita kiasi, na kwa sikio hilo anasikia mtoto akivunja kijiti kutoka mbali ajabu. Halafu anakuja, na hakuna anayeweza kukimbia kumshinda. Sisi sote tulilala mapema kwa sababu yake. Hajawahi kuwa na pembe.

Nimeandika sana kuhusu riwaya, na huwa tunaijadili riwaya mstari kwa mstari. Lakini viumbe vya gemu, ambavyo vijana wengi wa umri wangu wamekaa navyo saa nyingi kuliko walivyokaa na kitabu chochote, tunavipitia kwa neno moja tu: "kali". Kali kivipi? Nani alivichora, alianzia wapi, alikataa nini? Hiyo ni kazi, na kazi inaweza kuhukumiwa.

Basi nikuonyeshe binamu yangu anavyofanya. Haanzi na zimwi. Anaanza na folda ya picha: masikio ya simbamangu, ya bweha masikio, ya sungura, shingo ya swala twiga, makorongo wa marabou, wale wenye upara na mfuko kooni, ambao hapa mjini wanatembea kama wazee waliotoka kwenye baraza. Halafu anachora vivuli vyeusi vidogo, ukubwa wa kidole gumba, ishirini au thelathini kwenye ukurasa mmoja. Hakuna macho, hakuna meno. Sheria yake ni kwamba kama kivuli hakikuambii huyu ni nani, rangi haitakuokoa. Anachagua vitatu. Kwa hivyo vitatu anaanza kuuliza maswali ya mchinjaji: mfupa huu unaingia wapi, msuli unavuta nini, akila anainama vipi, akikimbia uzito unaangukia mguu gani. Mwisho kabisa anachora ukurasa wa mbele, ubavu na nyuma, na mtu mdogo pembeni ili ujue ukubwa. Rangi ndiyo ya mwisho.

Njia hii hakuibuni yeye. Terryl Whitlatch, mchoraji wa Marekani aliyesanifu viumbe vingi vya filamu ya Star Wars ya mwaka 1999, alisomea zoolojia kabla ya kuingia kwenye filamu, na vitabu vyake vinafundisha jambo hilohilo: jifunze mnyama aliye hai kwanza, mifupa na misuli, ndipo upate ruhusa ya kudanganya. Ndiyo maana kiumbe chake kikisimama unaamini kina ini.

Lakini kuna njia nyingine, na ni haki kuisema. Miaka ya 1970, Gary Gygax, mmoja wa waliounda Dungeons & Dragons, alikuwa na vidude vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, vile vya kuuzwa kwenye mfuko, ambavyo havifanani na mnyama yeyote duniani. Viliwekwa mezani kama mazimwi, vikapewa majina na tabia, na kutoka hapo wakapatikana dubu-bundi na yule mdudu anayegeuza chuma kuwa kutu. Mpaka leo wako kwenye gemu. Kwa hivyo si kweli kwamba lazima usome mifupa. Yule mdudu wa kutu anafanya kazi kwa sababu ana njaa moja inayoeleweka: anataka upanga wako, nyama yako hana haja nayo. Mchezaji anamwogopa kwa sababu ya kitu alicho nacho mkononi.

Njaa ndiyo kipimo changu. Zimwi zuri nalijua kwa kile linachotaka na mahali linapokitafutia. Pembe zinakuja baadaye, kama zitakuja.

Kwa kipimo hicho nilicheza Tales of Kenzera: Zau, kwenye laptopu ya rafiki yangu Eastleigh. Gemu hii ilitoka Aprili 2024, kutoka Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliitunga kutokana na msiba wa baba yake. Zau, mganga kijana, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: nitakuletea roho kubwa tatu, wewe unirudishie Baba. Maze, nililia. Sitaki kujifanya mkosoaji mgumu. Kiumbe bora kabisa katika gemu nzima ni Kalunga mwenyewe. Anatembea kando yako, anazungumza kama mzee anayejua jibu lakini anangoja ulifikie mwenyewe. Kumchora mauti kama mtu mwenye subira, hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa matangani.

Tatizo langu liko kwa zile roho tatu. Gemu inatangazwa kuwa imetokana na simulizi za Wabantu. Impundulu, ndege wa radi, sawa, huyo ni wa Waxhosa na Wazulu. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu. Kikiyaon ametoka Afrika Magharibi. Yaani mwenye gemu ana damu ya Kenya, na mazimwi wake wakubwa wote wameagizwa kutoka kwingine. Simlaumu kwa kuazima. Simulizi zimekuwa zikisafiri tangu zamani. Ninachouliza ni kama njaa yao ilisafiri nao. GaGorib wa asili anakaa ukingoni mwa shimo na kukuchokoza umpige jiwe. Ukimpiga, jiwe linaruka na kukurudia wewe, unaanguka shimoni. Hebu fikiria: hilo tayari ni gemu! Shimo, jiwe na hasira yako mwenyewe. Mimi nilipozima laptopu nilikumbuka jina na ukubwa wake, shimo sikulikumbuka. Hapo ndipo kiumbe kinageuka kuwa nguo ya mitumba: imefuliwa vizuri, inakukaa, lakini hujui ilikuwa ya nani.

Utasema nimekuwa mkali kwa jambo dogo, ni gemu tu. Basi nikuambie gemu ya kwanza niliyoona watu wanaofanana na sisi. Ilikuwa Delta Force: Black Hawk Down, ya mwaka 2003, kwenye saiba moja ya mji huu, nikiwa mdogo, nimesimama nyuma ya kiti cha kijana mkubwa. Mogadishu, 1993. Unacheza kama Mmarekani. Wanaotoka kwenye kona wakipiga kelele, wale unaowaangusha mmoja baada ya mwingine, walikuwa na sura za akina abti wetu. Kijana mmoja alipaza sauti, "Huyo ni mjomba wako, mpige!" Tukacheka sote. Nilicheka pia. Mwaka 2025 vita hiyohiyo imerudi katika Delta Force mpya, picha safi zaidi, vumbi linaonekana punje kwa punje. Miaka zaidi ya ishirini ya maendeleo ya teknolojia, na abti bado anatoka kwenye kona.

Sasa mlinganishe na dubwana lolote la gemu kubwa. Dubwana hupewa wachoraji, vivuli vingi, mikutano juu ya anavyopumua. Adui Msomali anapewa bunduki na kona. Hana njaa, hana anachotaka, hana nyumbani. Na Wajir tunajua mchoro wa namna hiyo unaweza kufanya nini nje ya skrini. Kuna miaka ambapo neno "shifta" lilitosha kuwa sura nzima ya mtu. Februari 1984 wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji huu, na wengi hawakurudi nyumbani. Sisemi gemu iliua mtu. Nasema mtu huchorwa vibaya kwanza, na mchoro ukishazoeleka hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo binamu yangu alipoombwa pembe, hatukuchukulia kama maoni ya mteja tu. Tulimpelekea Ayeeyo simu.

Ningependa kusema alifurahi. Hakufurahi. Kwanza aliuliza kwa nini anachora chenye roho. Hapa kuna wazee wengi wasiopenda jambo hilo, na yeye ni mmoja wao. Binamu akamwambia, "Ayeeyo, huyu hana roho, huyu ni hadithi." Akanyamaza, akaisogeza simu mbali na macho kama wanavyofanya wote. Dhegdheer wa kwanza alikuwa mwembamba, mabega juu, meno nje, sikio limesimama kama la simbamangu, nywele zimetapakaa. Kivuli kikali kweli. Ayeeyo akauliza swali moja.

"Shaash yake iko wapi, ayeeyo?"

Hatukuelewa. Akatueleza kama watu wasio na akili. Dhegdheer ana binti. Kwenye hadithi ni huyo binti anayewaficha wageni mama yake asiwale. Mwenye binti aliolewa. Aliyeolewa hufunga shaash kichwani. "Huyu mliyemchora ni mnyama. Yule alikuwa mke wa mtu."

Nimesoma makala nyingi kuhusu usanifu wa viumbe. Sijakutana na uhakiki bora kuliko huo. Kwa sababu angalia unachofanya kwa kivuli: ukimfunga kitambaa, sikio linapotea. Unabaki na mama wa kawaida amekaa nje ya aqal yake, jioni, anakukaribisha maziwa. Mchezaji hana cha kuogopa isipokuwa kitambaa ambacho upande mmoja kimekaa vibaya kidogo. Kisha wewe unavunja kijiti, na kitambaa kinasogea.

Binamu alikesha. Toleo la pili lina kurasa nne. Sikio sasa limekunjwa chini ya shaash, limelala begani kama msuko, na amelijaza mishipa midogo ya damu, kwa sababu alisoma kwamba sungura wa jangwani hupoza mwili kwa masikio. Maana yake Dhegdheer akilifungua halifungui kwa kusikia tu; amezidiwa na joto. Na hapo njaa yake ikapata mahali. Katika simulizi tuliyoisikia sisi, alipokuwa anaishi nchi ilikauka, na alipokufa mvua ilinyesha. Yeye ni kiangazi kilichovaa nguo za mama.

Labda unakumbuka ile picha ya Desemba 2021, iliyopigwa kutoka juu na Ed Ram: twiga sita wamekufa, wamelala kwa mzunguko kwenye mchanga, karibu na kijiji cha Eyrib, hifadhi ya Sabuli, hapahapa kaunti ya Wajir. Walinasa kwenye tope wakitafuta maji katika bwawa lililokuwa linakauka, wakavutwa hadi hapo ili wasichafue maji yaliyobaki. Picha ilizunguka dunia nzima. Watu walisema inafanana na mchoro wa ndoto. Kwetu ilikuwa harufu. Binamu ameiweka kwenye folda yake, lakini hajaitumia, na nadhani amefanya vizuri. Ameazima kitu kimoja tu: tope lililokauka na kupasuka, ndiyo ngozi ya viganja vya Dhegdheer.

Sasa hukumu, maana nisipomkosoa itakuwa ni undugu. Miguu bado haijakaa. Ni ile miguu ya kurudi nyuma kama ya mbuzi ambayo kila zimwi la gemu linayo siku hizi, na hakuna sababu mke wa mtu awe nayo. Mbio zake zingetisha zaidi kwa miguu ya mama wa kawaida. Ukurasa wa tatu una meno mengi mno, inaonekana bado anamsikiliza mteja. Na binti, ambaye bila yeye hakuna shaash wala hadithi, hajachorwa kabisa. Nilimwambia. Akasema mteja alilipia kiumbe kimoja.

Mteja alijibu juzi. Anapenda kitambaa. Anauliza kama kinaweza kuwa chekundu, na kama pembe zinaweza kutokea juu yake.

Binamu hajajibu bado. Pesa ni za karo ya mdogo wake, na hilo nalo lina njaa yake. Jana nilimkuta nje ya duka na ukurasa mpya, vivuli vidogo ishirini, vyote vya msichana mmoja anayesimama mlangoni na mkono nyuma, kama anayeficha mtu.

Cha kumi na nne ndicho.